Kamba Haina Mjomba

Zipiganapo nyasi, tembo huumia. Wahenga walisema kinyume, na heshima yao iko palepale, lakini wahenga hawakuishi kijiji hiki, ambako nyasi ziligombea matuta kila msimu wa kulima mpaka tembo wakakosa pa kupita. Na tembo akikosa pa kupita hakai chini akalia. Anapita.

Asubuhi hiyo alikuwa amepita jikoni.

Fundi alikuta ukuta wa jiko la dada yake umelala kifudifudi juu ya mafiga, na sufuria kubwa, ile ya kupikia wageni, imebonyea kama kofia iliyokaliwa. Dada mwenyewe alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitenga mahindi mazima na yaliyokanyagwa.

"Usiniulize kama tuko salama," dada alisema bila kuinua uso. "Tuko salama. Marehemu ni sufuria."

"Watoto?"

"Wamekwenda shule mbio, bila kusukumwa. Leo wana la kusimulia."

"Alikuwa na hasira?"

"Hasira gani? Hilo ndilo lililoniudhi. Angekuwa na hasira ningemwelewa. Alikuwa jike na mwanawe, wanapapasa kama wageni waliopotea mlango. Anasukuma hapa, anasukuma pale, hodi, hodi, mara jiko chini. Akamvuta mwanawe, wakaenda zao." Dada akatupa gunzi kwa nguvu. "Na hao ni watangulizi tu. Mvua zikianza, kundi zima litatoka kinamasini kupanda kilimani. Safari hii jiko. Safari hiyo watoto wangu watakuwa wamelala wapi?"

Fundi alitazama juu. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa kilima, mazito, hayana haraka, kama watu waliokuja kudai haki yao.

"Shemeji yuko wapi?"

"Amekwenda kutafuta mbao na misumari mirefu. Anataka kuitega njiani, ncha juu."

"Dada, tembo aliyechomwa mguu harudi alikotoka. Anakuja kuuliza ni nani."

"Basi nipe shauri lako, fundi wa nyua!" Sasa dada aliinua uso, na macho yalikuwa mekundu. "Siku ile ya kupima, mpimaji alisimama hapahapa, akanywa maji yangu, akaniambia: mama, ushoroba, hiyo njia ya wanyama, uko mbali nawe, lala usingizi. Mbona sasa ushoroba umeingia jikoni kwangu? Nyumba imehama? Mimi nimeibeba mgongoni?"

Fundi aliutazama tena ukuta ulioanguka. Na lililomkera zaidi ni kwamba nyua zote zilizosimama kando ya ushoroba, kutoka kinamasi mpaka hapa, alizijenga yeye.

Kijiji kizima kilimwita Fundi Kamba. Jina lilitokana na ile kamba yake nyekundu ya nailoni, aliyoivuta kutoka nguzo hadi nguzo kabla ya kuchimba shimo hata moja. Wateja walikuwa na kawaida ya kumnong'oneza: fundi, hapa pinda kidogo tu, jirani yuko safarini. Naye alikuwa na jibu moja kwa wote, matajiri na makabwela: "Kamba haina mjomba." Wengine walicheka, wengine walinuna, lakini uzio wake haukuwahi kupelekwa kwenye baraza la usuluhishi.

Sera ya ushoroba ilipokuja, yeye alikuwa wa kwanza kuchukua leseni mpya. Sera yenyewe haikuwa ngumu kuielewa. Serikali haikumnyang'anya mtu shamba. Ilisema: katika ukanda huu, ambao wanyama wameupita tangu babu zetu hawajazaliwa, ardhi inabaki yako na kodi yake umesamehewa. Chunga mifugo. Weka mizinga ya nyuki. Panda kunde, panda alizeti, mradi uvune kabla ya msimu wa mapito. Usijenge nyumba, usipande miti ya kudumu, usisimamishe uzio. Kila shamba likawekewa kigingi cha njano kilichosimikwa kwenye zege, na kamati ya ardhi ya kijiji ikala kiapo kuvilinda vigingi hivyo. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Baba mdogo, mdogo wa baba yao, ndiye aliyewalea Fundi na dada yake baada ya baba yao kufariki.

Pale jikoni, Fundi akajikung'uta vumbi.

"Mwambie shemeji ile misumari aipigilie kwenye paa, linavuja. Njia ya tembo niachie mimi."

"Utafanya nini?"

"Sijui bado. Kwanza nataka kuiona yote."

Hilo ndilo jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kazi zake zilikuja shamba kwa shamba. Leo huyu, mwezi ujao yule. Alifika, akatafuta kigingi cha njano cha mteja na kigingi cha jirani yake, akavuta kamba katikati yao, akajenga. Kila kamba ilikuwa nyoofu kama sala ya mtoto. Lakini sasa aliposimama kwenye tuta la juu karibu na kinamasi, akatazama nyua zote kwa mara moja, moyo ulimpasuka. Huku chini njia ilikuwa pana, ungeweza kuchezea mpira na watazamaji wakapata pa kukaa. Kwa kila shamba lililofuata ilibanwa kidogo, kutoka kushoto na kutoka kulia, kidogo tena, kidogo tena, mpaka ikawa kama faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Na kule mwisho wa shingo ya faneli, paa la dada yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Kumbe hukibana pia.

Shamba la kwanza kuingia ndani lilikuwa la jirani waliyemwita Mstari, kwa sababu mahindi yake yalisimama kwenye mistari ambayo ungedhani ni askari wanangoja kukaguliwa. Mstari alikuwa shambani, anapalilia, na alipomwona Fundi akipekua nyasi kwa ncha ya mtaimbo alikuja mbio.

"Fundi, umepoteza nini huko?"

"Wewe ndiye uniambie. Kigingi chako kiliwahi kukaa wapi?"

"Si hicho hapo?"

"Hicho hapo hakina zege, Mstari. Kimechomekwa kama mwavuli." Fundi alikitikisa kwa kidole, kikacheza. "Zege lake hili hapa, nyuma yangu, chini ya nyasi. Kigingi kina miguu?"

Mstari alijikuna shingo. "Usinitazame hivyo. Mimi sikuanza. Nilimfuata Baba yako mdogo. Kigingi chake kilisogea, changu kikabaki nyuma, mstari ukavunjika. Unanijua, mimi hata kwenye sahani sivumilii ugali uliokaa upande."

"Na wa ng'ambo ya njia?"

"Wa ng'ambo alinifuata mimi. Ili tulingane. Tuwe wachafu sisi tu, yeye msafi?"

"Kwa hiyo mwizi mmoja akikosea mstari, wote mnapanga foleni nyuma yake?"

"Nani mwizi? Hatua chache tu, fundi! Kila mtu hatua chache!"

"Hatua zenu chache zimelala jikoni kwa dada yangu," Fundi alisema, akaanza kupanda kuelekea kwa Baba mdogo.

Shamba la Baba mdogo lilikuwa la kupendeza, na hakuna aliyebisha. Miparachichi ilikuwa imepandwa kwa nafasi, kila mmoja na beseni lake la udongo wa kumwagilia, na msimu huu kwa mara ya kwanza ilikuwa imeshika matunda, madogo, ya kijani, kama vidole gumba vya watoto. Uzio ulioizunguka ulikuwa kazi ya Fundi pia. Aliingia, akapiga magoti, akaanza kupapasa ardhi. Zege alilipata kati ya miti, ndani kabisa ya shamba, na nyasi zilikuwa zimeshalifanyia kitanda. Kutoka hapo mpaka uzioni mtu angeweza kusimamisha nyumba na ua wake.

"Mwanangu, parachichi halijaiva. Unaokota nini?"

Baba mdogo alisimama nyuma yake, jembe begani, fulana imelowa jasho. Alikuwa mtu wa mabega mapana na sauti ndogo, sauti ya mtu ambaye hajawahi kulazimika kupiga kelele ndani ya nyumba yake.

"Shikamoo, Baba. Naokota zege."

"Marahaba." Alilitazama lile zege, hakujifanya kushangaa. Akaweka jembe chini, akakaa juu ya mpini. "Trekta halikuwa na pa kugeukia. Hivyo tu ndivyo ilivyoanza. Dereva akaniambia, mzee, nitolee hiki kijiti nigeuze, nikimaliza tunakirudisha. Nikakitoa. Akageuza, akalima, akaondoka. Tukasahau."

"Mkasahau mkapanda miparachichi?"

"Ardhi ikilala wazi humwita mkulima. Wewe si mkulima, huwezi kuisikia."

"Baba, mimi nilijenga uzio wangu kwenye kigingi hicho. Nilikiamini kwa sababu kilikuwa chako."

Hilo lilimgusa. Aliokota kijiti, akakivunja, akakivunja tena.

"Sikia," alisema. "Tusifanye makubwa. Nitafungua lango hapa kwenye uzio, la kutosha, wapite. Wewe utasimama kwenye mkutano useme ulipima vibaya, kamba ilikudanganya. Yaishe."

"Lango la tembo, Baba? Watabisha hodi?"

"Usinifanyie mzaha."

"Na wengine? Nikisema kamba ilidanganya, nani atarudisha kigingi chake? Faneli itabaki, na dada yuko kwenye shingo yake."

"Nani alikufundisha kukaza waya?"

"Ni wewe."

"Nani alikushika mkono ukiwa hujui hata kushika koleo, huku ukoo wote ukinicheka, eti namfundisha msichana kazi ya kutoboa mikono?"

"Ni wewe, Baba. Na yule ambaye nyumba yake inabomolewa ulimlea kwa mkono huohuo."

Baba mdogo aliinuka taratibu, akauweka mkono wake kwenye tawi la karibu, chini ya matunda, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Huu ndio uzee wangu," alisema. "Sina mwingine. Nenda nyumbani, mwanangu."

Fundi hakwenda nyumbani. Alipanda baiskeli mpaka wilayani, kwenye ofisi ya wanyamapori, chumba kimoja chenye dirisha lisilofunga, ambamo buti za mvua zilipangwa chini ya meza na soksi zilianikwa juu ya kabati la mafaili. Afisa mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa anakula karanga juu ya ramani. Alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akapuliza maganda, akaweka kidole kwenye ukanda wa njano uliokatiza ramani.

"Nilijua njia imebanwa," alisema. "Mwaka jana walichelewa kufika kilimani, nikaona kuna kitu. Nikadhani ni watu wawili watatu wakorofi. Kumbe ni kijiji kizima, kwa upole na kwa ujirani mwema."

"Waandikie wabomoe."

"Naandika kwa nani? Kanuni zinasema notisi ipitie kwa mwenyekiti wa kamati ya ardhi. Mwenyekiti ni nani?"

"Baba yangu mdogo."

"Basi atapokea notisi, ataisoma, atajiandikia majibu. Tutajibizana mpaka tembo wastaafu." Afisa alisukuma karanga upande wake. "Kula. Kuna njia nyingine, na unaijua, maana iko kwenye leseni yako."

Fundi aliijua. Alikuwa ameifikiria njia nzima akiendesha baiskeli, akitumaini kwamba ameikumbuka vibaya. Mjenzi mwenye leseni akigundua kwamba uzio aliousimamisha uko ndani ya ushoroba, ataubomoa mwenyewe, na hatangoja ruhusa ya kamati.

"Waliotunga sera walijua kwamba kamati zina ndugu," afisa alisema.

"Na mafundi je? Sisi tumeota kwenye mti?"

Afisa hakucheka. "Usipobomoa, leseni naifuta, na nyua nitazibomoa mimi kwa amri ya mahakama. Lakini amri itafika mvua zikiwa zimekwisha. Nakuambia ukweli."

"Na miti yake?"

"Mti wa kudumu uliopandwa ndani ya ushoroba baada ya vigingi kuwekwa hauna fidia. Hapo pia sikudanganyi. Mizinga ya nyuki tunayo, tembo huwaogopa nyuki; tunaigawa bure kwa atakayeitaka." Akafuta mikono kwenye sketi. "Kesho asubuhi nitakuja. Koleo siruhusiwi kushika, lakini kusimama najua."

Kesho yake Fundi alifika shambani jua likiwa bado halijashika joto, na habari ilikuwa imefika kabla yake. Watu walikuwa wamejipanga kando ya njia kama wanangoja harusi. Mstari alikuwepo, wa ng'ambo walikuwepo, na dada yake alisimama mbali kidogo, khanga ameikaza kiunoni. Afisa alikuja na buti zake, akachagua mahali, akasimama.

"Fundi Kamba!" mtu mmoja alipaza sauti. "Unaanza kwa nani? Kwa sisi tusio na ukoo?"

"Aanze kwa Mstari!" mwingine akadakia. "Huyo hata akifa atataka kaburi linyooke!"

Watu wakacheka. Fundi alifungua mfuko wake, akatoa koleo, akaenda moja kwa moja kwenye uzio wa Baba mdogo. Kicheko kikakatika kama redio iliyochomolewa.

Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, kile cha sebuleni, ambacho hakuna mtoto aliyewahi kuruhusiwa kukikalia. Alikuwa amekiegemeza kwenye nguzo ya kona, nguzo kuu iliyobeba mkazo wa waya wote. Amevaa koti.

"Shikamoo, Baba."

Hakuitikia.

Fundi alianza upande wa mbali. Hakukata waya hata mahali pamoja. Alilegeza mkazo kidogo kidogo, akang'oa msumari mmoja baada ya mwingine, akakunja waya kuwa miviringo nadhifu na kuiweka kando, ili mwenyewe aje aitumie tena mahali panapostahili. Hivyo ndivyo alivyofundishwa: waya wa mtu ni mali ya mtu, hata ukiwa umekosea njia. Jasho lilimtiririka mgongoni. Seng'enge ilimchana kiganja, akakinyonya, akaendelea. Kila msumari ulipotoka ulilia.

Mwisho ilibaki nguzo ya kona tu, na kiti.

"Inuka, Baba. Kiti kimeegemea nguzo."

"Na nisipoinuka?"

"Nitangoja."

"Mvua je?"

"Tutalowa wote wawili."

Walitazamana. Baba mdogo alikuwa na macho ya baba yao, hilo Fundi alilijua tangu utotoni, ndiyo sababu alikuwa akimwangalia sana usiku wa kwanza alipowachukua. Kwa pembe ya jicho alimwona dada yake akipiga hatua moja mbele, kisha akasimama.

Baba mdogo aliinuka. Alikibeba kiti mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akatembea kati ya miparachichi yake mpaka nyumbani, na mlango ukafungwa.

Fundi aliing'oa nguzo. Kisha akachukua kigingi cha njano, akakirudisha kwenye zege lake. Kiliingia bila kusukumwa.

"Nani anafuata?" aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Watu walikagua vidole vyao vya miguu. Mstari ndiye aliyekohoa.

"Sasa hicho kikikaa hapo, changu kimejitokeza mbele," alisema kwa uchungu wa kweli. "Mstari umevunjika. Siwezi kulala hivi. Twende kwangu kwanza."

Na wa ng'ambo, alipoona Mstari anashika mtaimbo, akasema hawezi kubaki mchafu peke yake. Siku ile na iliyofuata kijiji kizima kiligonga na kung'oa, huku kikimlaani Fundi kwa sauti ya kutosha asikie. Shemeji, ambaye hakuwahi kupata matumizi ya misumari yake mirefu, alibeba nguzo mpaka bega likachubuka.

Mvua ilifika alasiri moja, bila radi, nzito tu. Fundi alikuwa kwa dada yake, wanasimamisha ukuta wa jiko, watoto walipopiga kelele kutoka dirishani: wanakuja, wanakuja! Walitoka kinamasini wakiwa weusi kwa maji, majike mbele, watoto katikati, na walitembea kwa ule mwendo wao wa watu wazima wanaojua waendako. Walipofika mahali faneli ilipokuwa ikianza, jike la mbele lilisimama, likainua mkonga, likanusa. Dada alimshika Fundi mkono, kucha zikamwingia. Kisha jike likaingia kwenye njia iliyo wazi, na wote wakalifuata. Walipita shamba la Mstari, wakapita kati ya miparachichi, na milio ya matawi kuvunjika ilisikika mpaka jikoni. Nyumba ya dada hawakuigeuzia hata sikio.

Mwisho wa safu alikuwepo mtoto mmoja mtundu, aliyesimama kuitazama ile sufuria iliyobonyea pale uani. Mama yake akamsukuma kwa paji la uso, wakapanda.

Dada alikaa chini palepale kwenye matope, akacheka, kisha akalia, kisha akawaagiza watoto wanawe waache kuchungulia wakaokote kuni.

Siku ya pili Shangazi akaita kikao. Shangazi, dada mkubwa wa Baba mdogo, hakuwa mtu wa kuita mara mbili. Walikaa sebuleni kwa Baba mdogo. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kile kiti. Dada na shemeji walikaa kwenye benchi. Fundi aliketi kwenye mkeka, mkono umefungwa kitambaa. Mlango ulikuwa wazi, na pale uani Mstari na wenzake wawili walijifanya wamekuja kuazima koleo. Masikio yao hata tembo wangeyaonea wivu.

"Tembo wamepita," Shangazi alianza. "Nyumba ya binti yetu imesimama, tunashukuru. Sheria imefuatwa, tumeona. Sasa limebaki la ukoo. Wewe binti ulimng'olea uzio aliyekulea, mbele ya watu, naye amekaa. Ukoo hauendeshwi kwa kamba. Mwombe radhi baba yako, tule, twende makwetu."

"Shangazi, angefanyaje?" dada alijaribu.

"Nimekuuliza wewe? Wewe funga jiko lako."

Baba mdogo aliinua mkono kidogo, na wote wakanyamaza. Alionekana kama mtu aliyepungua ndani ya koti.

"Miti imevunjika, si yote," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Iliyo nje ya ushoroba imebaki. Siidai iliyovunjika. Sidai chochote, mwanangu. Nadai neno moja tu. Lina ugumu gani?"

Halikuwa na ugumu. Lilikuwa pale ulimini, dogo, limelainika, na Fundi alitamani kulitema ili aone uso ule ukikunjuka. Alimpenda. Angemchotea maji maisha yake yote. Lakini pale uani alimwona Mstari amejiinamia kufunga kamba za viatu, naye siku hiyo alikuwa amevaa ndala. Neno hilo likitoka mlangoni, kufika mchana lingekuwa limegeuka: fundi amekiri alipima vibaya. Kufika msimu wa kulima, trekta lingekosa tena pa kugeukia, na vigingi vingeanza kutembea, hatua chache tu, kila mtu hatua chache, mpaka jikoni kwa dada.

Aliinuka kwenye mkeka, akapiga magoti mbele ya kiti, akaishika mikono ya Baba mdogo kwa mkono wake mzima na ule uliofungwa.

"Baba," alisema, kwa sauti ya kufika uani, "kukushukuru nitakushukuru kila siku, kwa kunilea, kwa koleo, na kwa kuinuka kwenye kiti hiki. Kesho nitakuja na waya wako na mizinga ya wilaya. Nitaining'iniza kwenye mpaka wote wa shamba lako, ule wa kweli, tembo asisogelee miti iliyobaki, na sitaondoka mpaka nyuki waingie. Ukinituma maji nitakwenda, ukiniambia nilime nitalima. Lakini kigingi kimerudi kwenye zege lake, na aliyekirudisha ni mimi. Siombi radhi."